Kununua gobore la gumegume lililotumika: karatasi kwanza, mtutu pili, ubao mwisho

Wanunuzi wengi wakioneshwa gobore, yaani bunduki ya kushindilia kwa mdomoni ambayo baruti yake huwashwa na cheche za jiwe la gumegume, mkono wa kwanza huenda kwenye ubao. Mninga ukipakwa mafuta unang'aa, kitako kimenakshiwa, bei inaonekana ya haki. Lakini ubao ndio sehemu rahisi kuliko zote kubadilisha. Mtutu uliooza kwa ndani haubadilishiki, na karatasi zisizokuwepo hazitengenezwi baadaye. Kwa hiyo kagua kwa mpangilio ulio kwenye kichwa cha habari, na usiuvuruge hata kama muuzaji ana haraka. Hasa akiwa na haraka.

Karatasi

Mbele ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya mwaka 2015, gobore ni silaha. Uzee wake haulitoi kwenye sheria, wala kufuliwa na mhunzi wa kijijini. Mnunuzi huomba kibali kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Anza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kutoka hapo ombi hupanda ngazi kwa ngazi, likipita kamati za ulinzi na usalama na polisi, kata, wilaya hadi mkoa. Safari hiyo huchukua muda, na muuzaji wa kweli atasubiri.

Kwa muuzaji, dai leseni yenye jina lake mwenyewe, siyo la kaka wala la mjomba. Soma namba iliyo kwenye leseni, kisha itafute kwenye chuma: mara nyingi iko juu ya mtutu upande wa nyuma, au kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia. Tarakimu zote zilingane. Ukiona sehemu imesuguliwa kwa tupa na chuma chake kinang'aa kuliko kinachokizunguka, namba imefutwa. Acha hapo hapo.

Kusini mwa Tanzania kuna hali moja inayojirudia sana. Mzee mwenye leseni amefariki, gobore limebaki darini, na watoto wanataka kuliuza ili wagawane. Leseni ilikuwa ya mzee, haikurithiwa na nyumba. Silaha ya marehemu hupelekwa polisi kwanza, na anayeitaka, awe mtoto au mtu wa nje, huomba kwa jina lake. Ukimpa mwanafamilia fedha chini ya mwembe, umenunua kesi. Gobore ambalo halijawahi kuwa na leseni halinunuliki kabisa, linasalimishwa kituoni.

Kumbuka pia kwamba leseni ya silaha si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 na una kibali chake. Anayeishi Liwale, jirani na pori la akiba la Selous, au Nanyumbu karibu na pori la Lukwika-Lumesule, asitembee na gobore begani akidhani leseni itamwombea. Na wanaotaka gobore kwa sababu ya tembo wanaoingia shambani waachane na wazo hilo: silaha hii haimwangushi tembo, inamjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Waite maofisa wanyamapori.

Hakikisha halina kitu ndani

Hili hufanywa kabla ya ukaguzi wowote. Magobore ya zamani hukutwa yameshindiliwa miaka mingi baada ya kutumika mara ya mwisho, na baruti nyeusi kavu haichachi kama chakula. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama. Inua bamba linalopigwa na jiwe ili kisahani cha baruti ya kuwashia kiwe wazi, na lishushe jiwe lisiwe limekokiwa. Kama ni la fataki, yaani linawashwa na kikofia kinacholipuka kikigongwa na nyundo badala ya jiwe, toa fataki kwenye kifa, kijibomba kinachoishikilia.

Sasa teremsha mdeki, ule ufito wa kushindilia, polepole hadi ugote. Tia alama kwa penseli usawa wa mdomo, utoe, kisha uulaze kando ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa ule ule wa mdomo. Ncha ya mdeki inapaswa kufika kwenye tundu la moto, lile dogo la ubavuni linaloingiza moto ndani, au karibu sana nalo. Ikiishia sentimita 3 au zaidi kabla ya hapo, kuna kitu ndani: baruti na risasi, kiota cha nyigu, au kitambaa. Usikisie ni kipi. Usipulize kwa mdomo, usilifyatue "ili litoke". Kumwagia maji nako hakumalizi jambo, kwa sababu baruti ikikauka inarudi kuwa baruti. Mpe fundi mwenye leseni au wataalamu wa silaha wa polisi walitoe.

Mtutu

Hapa ndipo thamani yote ilipo, kwa hiyo tumia muda.

Tazama unene kwanza. Mtutu uliotengenezwa kuwa mtutu ni mnene nyuma, kunako shinikizo kubwa, na huendelea kupungua kuelekea mdomoni. Kama unene ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na ukuta wake ni kama milimita 3, unalitazama bomba la maji la inchi moja. Ingiza kidole mdomoni: mara nyingi utagusa mstari wa kiungio uliopita kwa urefu. Bomba hilo lilitengenezwa kubeba maji na halijapimwa kwa moto. Halikatai siku ya kwanza. Linachoka kidogo kidogo kwenye kiungio, kisha linafunguka karibu na uso wa mfyatuaji au kwenye mkono wake wa kushoto. Usilinunue hata kwa bei ya kutupwa, na fundi akikwambia ameliimarisha kwa kulichomelea pete, amelidhoofisha zaidi kwa ule moto wa kuchomelea.

Kisha mihuri ya majaribio iliyogongwa kwenye chuma. Bunduki nyingi za zamani zilizofika pwani hii kupitia biashara ya Kilwa Kivinje na bandari nyingine zilitoka Ulaya. Za Liège, Ubelgiji, zina herufi ELG ndani ya duara la yai. Taji juu ya duara hilo liliongezwa mwaka 1893. Za Birmingham zina fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji. Mihuri hii inasema kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko ya kawaida ukastahimili, siku ile. Haisemi lolote kuhusu kutu ya miaka mia iliyofuata. Neno TOWER, la bunduki za jeshi la Uingereza, kwenye bamba la mtambo lisikupumbaze: bunduki za biashara za karne ya 19 zilinakiliwa na kugongwa neno hilo hilo.

Kwa gobore jipya lililokamilika kutoka nje, mambo ni mepesi kidogo. Yanayotoka Italia, kama ya kiwanda cha Pedersoli, hupimwa katika mji wa Gardone Val Trompia na huwa na alama ya mwaka ndani ya kisanduku, ambapo herufi AA ni 1975 na zinaendelea kutoka hapo. Yanayotoka India huuzwa mara nyingi bila tundu la moto kutobolewa, yaani kama pambo. Mtu akilitoboa baadaye, ametengeneza silaha ambayo haijawahi kujaribiwa.

Sasa ndani. Funga kitambaa cheupe kwenye mdeki, kiloweshe mafuta mepesi, pitisha mara mbili tatu. Wekundu wa juu juu unafutika. Kinachokwaruza na kunasa nyuzi za kitambaa ni mashimo ya kutu. Angaza kwa kitaa kidogo kilichofungwa uzi na kuteremshwa hadi chini. Sentimita 10 za mwisho, karibu na kizibo cha nyuma, ndizo muhimu. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvichumvi zinazovuta unyevu, na kwa hewa ya bahari ya Mikindani au Lindi mjini, gobore lisilooshwa kwa usiku mmoja tayari linaanza kuliwa. Wengi hulisafisha kwa dizeli. Dizeli haiyeyushi chumvi zile. Maji ya moto na sabuni ndiyo yanayoziyeyusha, kisha kukausha, kisha mafuta. Muuzaji akikwambia "tunalipaka dizeli kila mara", tegemea mashimo.

Tafuta uvimbe. Pitisha vidole viwili taratibu kwa nje, toka nyuma hadi mdomoni, macho ukiwa umefumba. Kwa ndani uvimbe huonekana kama pete nyeusi. Husababishwa na risasi iliyoachwa katikati ya njia bila kugota kwenye baruti, au na udongo ulioziba mdomo. Chuma kilichovimba kimeshavutika kupita kiasi na hakirudi. Hakuna punguzo la bei linalofaa hapo.

Mwishoni kizibo cha nyuma. Kinapaswa kuwa kimefungwa kwa skrubu, siyo kuchomelewa wala kupigiliwa. Masizi yaliyochora mstari kwenye kiungio, au ubao ulioungua rangi ya mkaa chini yake, ni dalili ya moto unaovuja. Ziba tundu la moto kwa njiti, jaza maji, simamisha nusu saa, tazama kama kiungio kinatoa jasho. Jaribio hili linaonesha mvujo tu. Halithibitishi nguvu ya chuma. Kuna pia wanaougonga mtutu uliotolewa kwenye ubao na kusikiliza mlio: ukilia kama kengele wanasema ni mzima. Mlio mzito ni onyo la kweli la ufa, ila mlio mzuri si cheti.

Magobore mengi ya huku ni laini ndani. Ukiambiwa ni raifo, yaani lina mifereji inayozunguka, hakikisha: shusha kitambaa kinachobana kwa mdeki ulioushika kwa ulegevu, na mkono utausikia ukizunguka. Raifo za gumegume za Pennsylvania, Marekani, zina mitutu mirefu, mara nyingi zaidi ya mita moja, na risasi ya duara ya milimita 11 hadi 14 inayovikwa kitambaa ili ishike mifereji. Mifereji iliyolika mdomoni kwa msuguano wa mdeki huharibu shabaha kabla ya kitu kingine chochote.

Tundu la moto na mtambo

Tundu jipya lina kipenyo cha milimita 1.5 hadi 2. Likifika 3, nguvu inatokea ubavuni, gobore linakuwa goigoi, na aliyesimama kulia kwako anaungua. Fundi anaweza kulitia kidude kipya cha skrubu, kwa hiyo hili ni la kupunguziana bei, si la kuvunja biashara. Nyufa ndogo zinazotoka kwenye tundu kama miale, hizo zinavunja biashara.

Mtambo una hatua mbili. Kokia hatua ya kwanza, ambayo ni ya usalama, na vuta kifyatulio kwa nguvu: jiwe lisianguke. Kokia hatua ya pili na usukume kwa dole gumba toka nyuma: lisianguke. Likianguka katika lolote, meno ya ndani yamelika, au kuna mtu aliyeyasugua ili kifyatulio kiwe chepesi.

Halafu cheche. Funika tundu kwa njiti, kisahani kikiwa kitupu, jiwe likiwa limefungwa kwa kipande cha ngozi na makali yake yamelala sambamba na bamba. Fyatua kivulini. Cheche ziwe nyeupe au za manjano na zianguke ndani ya kisahani. Cheche nyekundu chache zinazofia hewani zina sababu mbili: jiwe butu, jambo dogo, au bamba lililopoteza ugumu. Pitisha tupa kwenye ukingo wa bamba. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma, bamba litahitaji kutiwa ugumu upya.

Ukiona bamba la mtambo lina matundu ya skrubu yaliyozibwa na alama ya mahali kisahani kilipokuwa, hilo ni gumegume lililogeuzwa kuwa la fataki. Si kosa, maelfu yaligeuzwa hivyo Ulaya baada ya miaka ya 1830, lakini bei isiwe ya gumegume asili. Kagua kifa: kisilegee kwenye skrubu, kisiwe kimepondeka kichwa. Kama mwenye nalo alikuwa anatumia vichwa vya viberiti badala ya fataki, kifa na nyundo vitakuwa vimeliwa sana, kwa kuwa klorati ya kiberiti huacha chumvi inayokula chuma.

Ubao

Tazama shingo, nyuma tu ya mtambo. Ngozi mbichi au waya uliozungushwa hapo si urembo, unashika ufa. Omba ufunguliwe, akikataa, umejibiwa. Matundu madogo yenye unga mpya ni fukusi hai. Mengine yote ya ubao yanatengenezeka Masasi kwa seremala yeyote mzuri.

Kabla ya kukabidhiana

Fedha zitoke baada ya polisi kuandika uhamisho, na gobore libaki kwa mwenye leseni hadi hapo. Epuka kununua wakati hela za korosho zimeingia, bei hazina adabu kipindi hicho. Muulize muuzaji alikuwa anatumia baruti gani. Jibu ni moja tu, baruti nyeusi. Baruti iliyotolewa kwenye risasi za kisasa, au ya kupasulia mawe, hupandisha shinikizo ambalo mtutu huu haukuundiwa, na gobore lililowahi kulishwa hiyo hata mara moja linaweza kuwa na ufa usioonekana.

Usikubali kulijaribu kwa "kushindilia mara mbili tuone". Likistahimili, huenda umelipasua ndani bila kujua. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye eneo linaloruhusiwa, kwa kipimo kidogo, gobore likiwa limefungwa kwenye tairi na kufyatuliwa kwa kamba ndefu toka nyuma ya mifuko ya mchanga. Baada ya hapo lioshe kwa maji ya moto, kausha, angaza tena kwa kitaa, na upitishe vidole kutafuta uvimbe upya.