Rangi ya ekzosi haikauki kwa jua, inaiva kwa moto

Kwa wenye pikipiki hapa Tabora: ukipuliza rangi ya kuhimili joto kwenye ekzosi, usiridhike ikishakauka mkononi. Hapo bado ni mbichi. Ukiikwaruza kwa ukucha inatoka, na tone la petroli linaiyeyusha. Iivishe kwa injini yenyewe. Ikishalala usiku mmoja, washa dakika 10 bila kupiga resi, zima, acha ipoe kabisa hadi uweze kuishika. Washa tena dakika 20, ipoe. Mara ya tatu dakika 30. Fanya nje uwanjani, kamwe si ndani wala kibarazani karibu na dirisha, maana moshi wa injini unaua, na rangi nayo itafuka na kunuka (hiyo ni kawaida).

Gundi iliyomo kwenye rangi hii hushikana sawasawa kwa joto kali tu. Kupumzisha katikati kunaipa thina nafasi ya kutoka polepole. Ukikimbilia safari ndefu moja kwa moja, thina inachemka chini na rangi inafura malengelenge. Yangu ya kwanza ilitoka kama ngozi ya chura.

Haitasaidia kama chini kuna kutu au oili: piga msasa hadi chuma king'ae, futa kwa thina, puliza tabaka nyembamba mbili au tatu. Rangi ya kawaida ya geti usiijaribu, itaungua tu. Na ule mwisho wa ekzosi mbali na injini hauchemki sana, kwa hiyo huchelewa kuiva.