Kuendesha programu ya wiki sita ya kutuliza moyo kwa WhatsApp, Arusha na Moshi

Programu nyingi za afya ya akili za mtandaoni hufia wiki ya pili kwa sababu zimejazwa mno. Video ya saa nzima, mazoezi, lishe, daftari la shukrani, vyote kwa mpigo, na anayepokea ni mtu mwenye bando la kuhesabu na watoto wanaosubiri chakula. Mwongozo huu ni wa mshauri nasaha, muuguzi au afisa ustawi wa jamii anayetaka kuhudumia watu wazima 12 hadi 15 kwa simu, jambo moja kwa wiki.

Hatua ya 1: Panga tarehe kwa kalenda ya huku

Usianze katikati ya Novemba. Wiki ya nne itakukuta Desemba, Wachaga wako njiani kurudi nyumbani, na hakuna atakayekumbuka zoezi lako. Waongoza watalii na wapagazi nao wakipanda Kilimanjaro hupotea siku sita au saba, mtandao wa kubahatisha. Wakishuka wamekosa somo na wanaona aibu kuuliza. Wachukue wakati wa masika, Aprili na Mei, kazi zikiwa chache.

Hatua ya 2: Tengeneza njia isiyomfichua mtu

Kwenye grupu la kawaida namba za wote zinaonekana. Moshi ni mji mdogo: mtu akikuta namba ya shemeji yake humo, anatoka usiku huohuo bila kuaga. Tumia orodha ya tangazo (broadcast list). Ujumbe mmoja unamfikia kila mtu kwenye mazungumzo yake na wewe, wala hamwoni mwenzake. Ina kasoro moja: asiyehifadhi namba yako haupati ujumbe. Kwa hiyo siku ya usajili aihifadhi hapohapo, umtumie ujumbe wa majaribio, na ajibu kabla hamjaachana.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Chukua ridhaa kwa maandishi, na kwenye daftari la alama andika namba ya mshiriki, si jina.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kufundisha

Tumia WHO-5, kipimo cha Shirika la Afya Duniani chenye maswali matano kuhusu wiki mbili zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka umepumzika, na siku kujaa mambo yanayokuvutia. Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumlisha, zidisha kwa 4. Aliyejibu 2, 2, 1, 1 na 3 ana 9, yaani 36 kati ya 100. Chini ya 50 mpigie simu, umsikilize zaidi, maana huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona haitibiwi kwa sauti za WhatsApp peke yake.

Kwenye simu hiyo uliza waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua siku hizi?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, programu inasimama kwake. Asiachwe peke yake, ndugu anayemwamini aitwe, aende hospitali siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujasajili hata mtu mmoja, nenda mwenyewe Hospitali ya Mount Meru kwa Arusha, au ya Mawenzi kwa Moshi, ujue nani anapokea wagonjwa wa afya ya akili na siku zipi. Namba ya simu pekee haitoshi.

Hatua ya 4: Rekodi masomo

Sauti, si video. Sauti ya dakika tano haifiki MB 2. Rekodi chumbani penye mapazia na godoro, maana chumba kitupu kinarudisha mwangwi, na mvua kwenye bati itafunika kila kitu. Tuma mbili kwa wiki, saa tatu usiku, vyombo vikiwa vimeshaoshwa.

Wiki ya kwanza ni pumzi, na hapa usiharakishe. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Hesabu moja ni kama sekunde moja, kwa hiyo dakika tano ni pumzi 30. Wengi hukosea kwa kuvuta kwa nguvu, kifua juu, kama wanaokimbilia daladala. Kichwa kinawazunguka na vidole vinawasha, kwa sababu wanatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, kisha wanasema zoezi limewadhuru. Waambie wavute kama anayenusa ndizi nyama kutoka jikoni, watoe kama anayepoza uji. Mkono uwe tumboni. Ukipanda kabla ya kifua, wamepatia. Asiyependa kufumba macho atazame ukuta. Kwa aliyepitia ukatili, kufumba macho kunaweza kumrudishia tukio.

Wiki ya pili ni usingizi: kuamka saa ileile kila siku, hata Jumapili. Usingizi usipokuja kwa muda unaokadiriwa dakika 20, atoke kitandani, arudi macho yakiwa mazito. Kahawa ya mwisho saa nane mchana, kwani baada ya muda wa saa tano hivi tangu uinywe karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini. Chai ya rangi ya jioni nayo ina kafeini. Mbege, pombe ya ndizi, inaleta usingizi haraka, halafu inaukata usiku wa manane.

Wiki ya tatu na ya nne ni kutenda kabla ya kujisikia. Mshiriki achague tendo moja dogo lenye siku na saa: kushuka kituo kimoja kabla na kutembea, Jumanne saa kumi na moja jioni. "Nitafanya mazoezi" likirudi kama jibu, lirudishe.

Wiki ya tano, simu moja kwa mtu aliyemkosa muda mrefu. Inatosha.

Hatua ya 5: Pima tena

Wiki ya sita rudia WHO-5. Kupanda alama 10 au zaidi ni badiliko la kuhesabika. Aliyebaki palepale au kushuka usimwandikishe awamu ya pili. Mpangie siku ya kliniki, na kama anaogopa kwenda peke yake, mkutane getini.