Jinsi ya kuomba msaada wa serikali kwa mtoto mdogo mwenye mahitaji mengi ya kiafya

Fomu yangu ya kwanza ilirudi na sentensi moja: hitaji la uangalizi wa ziada halijathibitishwa. Wakati huo mwanangu alikuwa na miaka miwili, analishwa kwa mpira uliopita puani, anapata degedege karibu kila siku, na shingo bado haijakaza. Nilipoyasoma tena majibu niliyoyaandika kwa mkono wangu, nikaona nilikojikwaa. Palipoulizwa anakulaje, nilijibu "anakula vizuri, kwa mpira". Palipoulizwa usiku unakwendaje, nikaandika "analala, huamka kidogo". Nilikuwa nimejaza fomu kama mama anayemjibu jirani mlangoni: tunamshukuru Mungu, anaendelea vizuri. Karani naye aliniamini.

Majina ya ofisi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini njia yenyewe hufanana. Hizi ndizo hatua zake, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenionyesha mapema.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Wazazi wengi husema "naenda kuomba msaada", kumbe misaada ni mingi na kila mmoja una dirisha lake. Kuna kusajiliwa kama mtu mwenye ulemavu, kuna fedha za matunzo, kuna vifaa saidizi kama kiti cha magurudumu au kiti maalumu cha kukalia, kuna nafuu ya gharama za matibabu, na kuna huduma za mapema za kumsaidia mtoto kukua na kujifunza. Mara nyingi usajili ndio ufunguo wa mengine, kwa hiyo anzia hapo. Kama hujui pa kuanzia, afisa ustawi wa jamii wa hospitali anakotibiwa mtoto hujua milango kuliko daktari.

Ukifika dirishani uliza mambo manne: nani anaruhusiwa kujaza ripoti ya kitabibu, mwisho wa kupokea maombi ni lini, malipo huhesabiwa kuanzia siku ya maombi au siku ya uamuzi, na uamuzi hudumu kwa muda gani. Swali la tatu lina thamani kubwa kuliko linavyosikika. Kama hesabu huanza siku ya maombi, peleka fomu sasa na uombe muda wa kuleta vyeti vilivyobaki.

Usisubiri jina la ugonjwa. Watoto wengi wenye mahitaji mengi hukaa miaka bila jina kupatikana, hata baada ya vipimo vya vinasaba, na wengine hawalipati kabisa. Kinachopimwa katika tathmini nyingi ni kile mtoto anachoweza na asichoweza kufanya. Tena, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 23, unazungumzia msaada kwa mtoto mwenye ulemavu na wanaomtunza pale unapoombwa, kwa kadiri rasilimali zinavyoruhusu. Angalia hilo neno: unapoombwa. Mtoto ambaye hakuombewa hayumo kwenye hesabu ya mtu.

Hatua ya 2: Faili

Kusanya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako, uthibitisho wa mnapoishi, kadi ya kliniki, karatasi za kuruhusiwa hospitali, majibu ya vipimo na orodha ya dawa pamoja na dozi zake. Kama wewe ni bibi, shangazi au mlezi mwingine, ongeza hati ya ulezi, maana bila hiyo sahihi yako huenda isikubalike.

Kabla ya yote hakikisha jina la mtoto limeandikwa namna moja kila mahali. Mtoto huzaliwa kwa dharura, anaandikwa "mtoto wa fulani", kisha jina lake linaingia kwenye cheti likiwa na herufi moja pungufu. Kwa macho ya ofisi hao ni watoto wawili. Rekebisha hilo kwanza hata kama litakuchelewesha.

Hati halisi ionyeshwe tu, kisha urudi nayo nyumbani. Ya kuacha ni nakala.

Hatua ya 3: Daftari la siku saba

Hapa ndipo maombi hufaulu au hukwama, na ni hatua ambayo hakuna dirisha litakalokutajia.

Kwa siku saba mfululizo andika kila unachomfanyia mtoto, saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Andika palepale, maana jioni utakuwa umeshasahau nusu. Utashangaa. Mimi nilidhani kumlisha mwanangu ni "muda kidogo". Daftari lilionyesha mara 6 kwa siku, kila mara dakika 40 ukijumlisha kuandaa maziwa, kuhakiki kwamba mpira umekaa mahali pake, kumlisha taratibu, kumshikilia wima asitapike na kuosha vifaa. Hizo ni dakika 240, yaani saa nne kamili kila siku, kabla ya dawa, mazoezi ya viungo, kufyonza makohozi na kumgeuza.

Usiku uandike peke yake. Ukiamka saa nne kumgeuza, saa saba kumfyonza makohozi, saa kumi kumpa dawa, usiandike "naamka usiku". Andika saa zote tatu, ulichofanya, na dakika ulizokaa macho. Ofisi nyingi hutenganisha uangalizi wa mchana na wa usiku, na usiku mara nyingi ndio huamua kiwango.

Degedege ziandikwe kwa saa, muda zilizochukua na kilichoonekana: macho yaligeukia wapi, mkono upi ulianza, baadaye alilala au aliamka. Mtu mwingine akiwepo, arekodi video kwa simu. Daktari wa mishipa ya fahamu atajifunza zaidi kwa video ya dakika moja kuliko kwa maelezo yako ya nusu saa. Ila simu isikucheleweshe: mlaze kwa ubavu, tazama saa, na degedege ikipita dakika 5 ni dharura, tafuta msaada wa matibabu mara moja.

Sasa jambo linalowaangusha wazazi wa watoto wadogo hasa. Afisa atakuambia kila mtoto wa mwaka mmoja hubebwa, huvalishwa nepi na hulishwa. Ni kweli. Kwa hiyo kila mstari wa daftari lako ujibu swali hili: mtoto mwingine wa umri huu angehitaji nini, na wangu anahitaji nini zaidi ya hapo? Kubadilisha nepi ni kazi ya kila mzazi. Kubadilisha nepi kwa watu wawili kwa sababu miguu inakaza na nyonga inaweza kuteguka ni hitaji la ziada. Kumbeba mtoto ni kawaida, lakini kumbeba mkono mmoja ukishikilia kichwa muda wote si kawaida kwa mtoto wa miezi kumi na minane.

Kama alizaliwa njiti, andika umri wa aina mbili. Aliyezaliwa wiki ya 28 alitangulia wiki 12, kwa hiyo anapotimiza mwaka hulinganishwa na mtoto wa karibu miezi 9. Wataalamu kwa kawaida hufanya hesabu hiyo hadi miaka miwili. Ukiacha kuandika, mtu atakufanyia hesabu isiyo yako.

Hatua ya 4: Ripoti ya daktari

Nenda na daftari. Daktari bingwa humwona mtoto dakika kumi na tano kwa miezi mitatu, naye hawezi kuandika asichokijua. Mwombe kwa adabu ataje utambuzi au dalili zilizopo, matibabu yanayoendelea, mtoto anavyojimudu, kama hali inatarajiwa kudumu, na hatari iliyopo asipoangaliwa. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mtoto anayeweza kupaliwa akiachwa dakika tatu anahitaji macho ya mtu mzima hata pale ambapo hakuna "kazi" inayofanyika.

Chunga neno "imetulia". Kwa daktari lina maana kwamba hali haijazidi kuwa mbaya tangu kliniki iliyopita. Kwa afisa lina maana kwamba mtoto ana nafuu. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na neno hilo mara mbili. Mara ya pili nilimwomba daktari aongeze nusu sentensi: "imetulia kwa kutegemea dawa tatu na uangalizi wa saa zote". Aliandika bila kinyongo, akasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba neno hilo linasomwa hivyo.

Chukua pia ripoti za fiziotherapia, tiba ya usemi na tiba kazi. Mara nyingi hizi ndizo zenye nguvu, kwa sababu zinaeleza matendo. Kama mtoto ana mtindio wa ubongo, uliza yuko daraja gani katika GMFCS, kipimo cha uwezo wa mtoto kukaa na kutembea. Kina madaraja matano: la I ni wa anayetembea bila kizuizi kikubwa, la V ni wa anayesukumwa kwenye kiti muda wote na ambaye kushikilia kichwa na kiwiliwili ni shida. Namba hiyo moja husomwa haraka kuliko aya tatu.

Hatua ya 5: Kujaza fomu

Jaza kwa penseli kwanza, kwenye nakala. Kisha mpe mtu anayemfahamu mtoto aisome, akuambie umeficha nini. Kwangu alikuwa dada yangu, akacheka: "Huyu mtoto uliyemwandika hapa mimi simjui."

Ukweli wa fomu ni ukweli wa siku ngumu, pamoja na idadi ya siku hizo. Badala ya "wakati mwingine" andika "siku 4 kati ya 7". Badala ya "hawezi kukaa vizuri" andika "akiwekwa sakafuni bila kuegemezwa huanguka ubavu, na hawezi kujigeuza". Badala ya "anahitaji msaada" sema wa nani, mara ngapi, dakika ngapi. Usitie chumvi hata kidogo. Jibu moja lililozidishwa likigongana na ripoti ya daktari huharibu majibu mengine yote.

Ukikwama, kuna maswali yaliyochapishwa mwaka 2016 na UNICEF pamoja na Kikundi cha Washington, kinachoshughulikia takwimu za ulemavu, yaliyotungwa kwa ajili ya tafiti za kaya. Hayampi mtoto cheti, lakini hufundisha namna ya kujibu. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4 huuliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kutumia vidole, kuelewana na watu, kujifunza, kucheza na kudhibiti tabia, na kwa maswali mengi jibu ni moja kati ya manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mwingi, hawezi kabisa. Pitia maeneo hayo moja moja na uone kama fomu yako imeyagusa. Kucheza ndiko nilikokuwa nimesahau. Nilidhani serikali haina haja na michezo.

Usiache nafasi tupu, andika "haihusiki". Maelezo yakizidi nafasi, ambatisha karatasi yenye jina la mtoto na namba ya swali.

Hatua ya 6: Kuwasilisha

Omba mhuri na tarehe kwenye nakala yako. Kama ni kwa mtandao, hifadhi namba ya maombi. Andika jina la aliyepokea.

Hatua ya 7: Siku ya tathmini

Mpeleke alivyo. Usimwache na njaa, wala usibadilishe saa ya dawa ili aonekane mgonjwa. Beba vifaa vyote, hata kama ni mzigo: mashine ya kufyonza, viunga vya miguu, mipira, chupa za dawa. Kama kinga yake ni dhaifu, omba mapema aonwe wa kwanza asikae kwenye foleni, au tathmini ifanyike nyumbani.

Kuna watoto wakimwona mgeni mwenye miwani hutabasamu, hushika kalamu, hufanya maajabu ambayo hamjayaona mwezi mzima. Furahi naye, kisha mwambie afisa: hili amelifanya leo, wiki iliyopita lilitokea mara ngapi? Daftari hili hapa.

Utalazimika kuyataja mapungufu yake akiwa mapajani mwako. Wengi wa watoto hawa huelewa maneno kuliko wanavyoweza kusema. Mimi huja na mtu wa kutoka naye nje kidogo, au naonyesha mistari kwa kidole badala ya kuisoma kwa sauti.

Hatua ya 8: Jibu likija

Likiwa la kukataliwa, au kiwango kikiwa chini ya ulichotarajia, omba sababu kwa maandishi na uulize siku za kukata rufaa. Siku hizo huwa chache na huhesabiwa kuanzia tarehe ya barua, wakati mwingine si siku uliyoipokea. Katika rufaa usisimulie upya. Chukua kila sababu waliyoitoa, ijibu kwa hati moja mpya: ukurasa wa daftari, ripoti ya fiziotherapia, barua ya daktari. Rufaa yangu ilikuwa na kurasa nne. Maombi ya kwanza yalikuwa na ishirini na sita.

Likiwa la kukubaliwa, tafuta kwenye barua tarehe ya kumalizika, na mabadiliko unayotakiwa kuyaripoti. Kulazwa kwa muda mrefu mara nyingi ni mojawapo, maana malipo ya matunzo ya nyumbani yanaweza kusimamishwa mtoto akiwa wodini, nawe ukadaiwa urudishe. Uamuzi ukiwa wa miaka miwili, usingoje wakukumbushe. Miezi mitatu kabla, nunua daftari jingine, uandike siku saba upya, kwa kuwa mtoto wa miaka minne ana kilo nyingine, na mgongo unaombeba ni uleule.