Kabla hujapeleka akiba benki: nyumba ya mkopo yenye mgonjwa ndani

Mume wangu alipatwa na kiharusi katikati ya Novemba, wiki ileile tuliyopanga kwenda benki kupunguza deni la nyumba. Tulikuwa na shilingi milioni 5 tulizozikusanya kwa miaka miwili, nyingine za kikoba, nyingine posho zake za safari. Fomu ilishajazwa, ipo kwenye droo chini ya televisheni. Hatukwenda. Nikiangalia nyuma, kutokwenda siku ile ndiko kulikotubakiza ndani ya nyumba yetu. Naandika kwa ajili ya familia yenye mkopo wa nyumba, paa linalovuja na mtu anayejifunza upya kutembea, huku mambo yote matatu yakidai fedha ileile.

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayochanganya watu wenye akili zao. Chukua mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, miaka 15, riba ikipigwa kwenye salio. Rejesho la mwezi linakuja kama 881,000. Katika rejesho la kwanza, 800,000 nzima ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa 81,000 tu. Ukipeleka milioni 5 mapema kabisa na rejesho likabaki lilelile, mkopo unaisha kama miezi 45 kabla ya wakati. Karibu miaka minne! Kwa hiyo anayekushauri kulipa mapema hakudanganyi, na ukiwa mzima wa afya na kazi yako imetulia, msikilize.

Lakini fedha ikishaingia kwenye deni hairudi. Milioni 5 zikiwa mkononi ni marejesho ya miezi mitano na nusu. Zikishaingia kwenye mkopo, mwezi unaofuata benki inadai 881,000 yake kama kawaida, haijali kwamba juzi ulileta milioni 5. Mgonjwa anapokuwa ndani, swali la kwanza linakuwa miezi mingapi mnaweza kulipa bila kuyumba kama mshahara wake ukikatika kesho. Deni litaisha lini ni swali la baadaye.

Hivyo jambo la kujua mapema kuliko yote ni mshahara wenyewe. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Cheti cha daktari lazima kimfikie mwajiri. Nilichukua kalenda ya ukutani nikahesabu kwa kalamu nyekundu kuanzia siku aliyolazwa. Siku ya 63 iliangukia katikati ya Januari, pale pale penye ada za shule. Bila kuhesabu ningeshtukia kwenye meseji ya benki. Hesabu pia kama siku nyingine zilishatumika ndani ya mzunguko huo, kwa mfano kwa ajali au upasuaji wa mwaka juzi, kwa sababu zinakatwa humohumo.

Ukishaijua tarehe hiyo, nenda benki kabla haijafika. Nenda ukiwa hujachelewesha rejesho hata moja, ukiwa na barua ya hospitali na hati za mshahara. Na uende ukijua kwamba nafuu watakayokupa inaweza kuwa ndogo kuliko jina lake. Mimi niliambiwa kwa upole, "Mama, tunaweza kuwapa miezi mitatu mlipe riba tu." Nilishukuru nusura nilie. Nyumbani nikapiga hesabu nikakuta kwamba kwa mkopo mchanga kama wetu, kulipa riba tu ni kuokoa kama elfu themanini kwa mwezi. Kurefusha muda nako vivyo hivyo: mkopo ule wa mfano ukiusogeza kutoka miaka 15 hadi 20, rejesho linashuka kutoka 881,000 hadi kama 835,000. Miaka mitano ya kulipa zaidi, kwa nafuu ya elfu 46! Kusimamisha marejesho kabisa kwa miezi mitatu kunasaidia kweli, ila riba haisimami. Inapanda juu ya deni, kama milioni 2.4 kwa mfano huohuo. Sisemi ukatae. Uliza namba tatu kabla ya kusaini: rejesho jipya ni kiasi gani, salio litakuwa kiasi gani kipindi hicho kikiisha, na mkopo utaisha mwezi gani. Waandike, usiridhike na maneno. Hapo ndipo utakapoona kwa nini akiba iliyo mkononi ina nguvu kuliko nafuu yoyote ya benki.

Mkishindwa kabisa, jueni kwamba Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuigusa dhamana. Siku hizo ni za kutafuta ufumbuzi. Usiipokee notisi ukaificha chini ya godoro ili mgonjwa asijue.

Sasa sahihi. Hili hakuna aliyenitahadharisha, nami ningependa lisikupate. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia, na mume wangu alikuwa akiandika kwa mkono wa kulia. Tulipohitaji kutoa fedha kwenye akaunti yake ya akiba, alisaini kwa kushoto, taratibu, jasho likimtoka kama mtu anayebeba gunia, ulimi kaung'ata. Binti wa dirishani akaitazama ile karatasi, akatazama kwenye kompyuta, akasema, "Baba, sahihi haifanani." Alikuwa anafuata utaratibu, simlaumu. Ila ilichukua wiki tatu za barua, picha na dole gumba, na wiki hizo dawa za presha hazingoji. Kabla ya dhoruba, mkiwa wazima wote wawili, fungueni akaunti moja ya pamoja ambayo mmoja wenu anaweza kutoa fedha peke yake, na humo ndimo akiba ya dharura ikae. Na mwandaliwe na wakili hati ya kumpa mwenzako mamlaka ya kusaini kwa niaba yako. Hati hiyo hutolewa na mtu mwenye akili timamu anayejieleza, na kiharusi wakati mwingine huchukua maneno kabla ya miguu. Kumbuka vilevile kuwa nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hata mkopo wa nyongeza wa kukarabati utataka sahihi zote mbili.

Bima ya mkopo ipo karibu katika kila mkopo wa nyumba, na wengi tunaikata bila kuisoma. Kwa kawaida inalipa kifo na ulemavu wa kudumu. Mtu anayeendelea kupona huwa yupo katikati, si mzima wala hajathibitishwa kuwa mlemavu wa kudumu, na kipindi hicho bima nyingi hazikitambui. Omba nakala ya mkataba wa bima wenyewe, na karatasi ya makato isikuridhishe. Angalia wanataka taarifa ndani ya siku ngapi tangu tukio. Toa taarifa hata kama hudai kitu leo.

Nyumba yenyewe ilitupa funzo jingine. Kabla ya ugonjwa tulikuwa na orodha ndefu: jipsam ya sebuleni, pevingi ya uani, kubadilisha geti, kurudishia mabati ya upande wa nyuma. Mtaalamu wa tiba ya viungo alipokuja mara ya kwanza nyumbani hakuiangalia sebule. Alimshika mkono mume wangu wakatembea hadi bafuni, akasimama mlangoni, akatazama marumaru, kizingiti, choo cha kuchuchumaa. Kisha akaniambia, "Mama, baba akianguka humu mara moja tu, tunaanza upya." Orodha yetu ikabadilika siku ile.

Mlango wa bafu wetu ulikuwa na sentimita 70. Kiti cha magurudumu kinahitaji kama 80 za wazi, tena uwazi uliobaki baada ya ubao wa mlango kufunguka. Fundi alitoa fremu, akapunguza tofali, akaweka pazia zito badala ya mlango kwa miezi ile. Kizingiti kikachongwa. Choo kikabadilishwa kuwa cha kukaa, na kando yake tukafunga bomba la kushikilia. Hapa simama na fundi wako usiondoke. Wa kwangu alitaka kulifunga kwa misumari ya kawaida kwenye tofali lenye uwazi ndani. Nikamwambia, "Fundi, ning'inia wewe mwenyewe." Akaning'inia, likang'oka na kipande cha plasta. Alirudia kwa bolti ndefu zilizopita ukuta mzima zikakazwa upande wa pili kwa bamba la chuma, na hadi leo halijatikisika. Bomba liwe la kushikika kiganja kikifumba vizuri, kama milimita 32 hadi 38. Nene kuliko hapo mkono dhaifu hauliwezi. Ngazi za nje tulizigeuza mteremko, na kanuni ya mafundi ni urefu mara 12 ya kimo: ngazi zenye kimo cha sentimita 30 zinataka mteremko wa mita 3.6. Mfupi kuliko huo ni wa kumwangushia mtu.

Kazi zote hizo hazikufika hata theluthi ya bei ya ile jipsam na pevingi. Na ni kazi ambazo kama zitafanyika, zifanyike mwanzoni, kwa sababu baada ya kiharusi miezi mitatu hadi sita ya kwanza ndiyo mwili unaporudi kwa kasi. Mazoezi yaliyoahirishwa Desemba kwa ajili ya kukusanya fedha ya benki hayalipiki Juni kwa thamani ileile. Uliza bima yenu ya afya inalipia vipindi vingapi vya tiba ya viungo, na usisubiri viishe ndipo utafute fedha ya vingine. Nilimwomba mtaalamu amfundishe kijana wetu mazoezi ya asubuhi na jioni, tukawa tunamlipa aje mara moja kwa wiki kusahihisha.

Paa ni hadithi ya msimu. Vuli ilishatukuta, masika yalikuwa yanakuja Machi. Tulirudishia mabati juu ya chumba cha mgonjwa na pale maji yalipokuwa yanakaribia nyaya za umeme, tukaacha mengine na ndoo zake. Rangi ikasubiri kabisa. Harufu ya rangi na vumbi la saruji si vitu vya kumwekea mtu anayelala mchana kutwa. Kabla hujabomoa ukuta, soma mkataba wako wa mkopo. Mingi inataka benki ijulishwe unapobadilisha muundo wa nyumba iliyo dhamana.

Kuhusu michango: ndugu huchangia wodini. Wiki mbili za kwanza simu ilikuwa inaita fedha zinaingia, hadi nikadhani tutavuka. Alipotoka hospitali watu walishukuru Mungu, na michango ikaisha, wakati gharama ndefu ndiyo kwanza zinaanza. Sasa hivi ndugu akiugua namshauri mkewe achukue nusu ya michango ya mwanzo aifungie kwa miezi ya baadaye. Na mtu yeyote akikushauri kuziba rejesho la nyumba kwa mkopo wa kausha damu, mkatalie hata kama ni shemeji yako. Mikopo hiyo inadai kwa wiki, afadhali benki uliyokwisha kuzungumza nayo.

Swali lililobaki ni lini kurudia lengo la kumaliza deni mapema. Sisi tulijiwekea masharti matatu: mume wangu apokee mshahara kamili miezi mitatu mfululizo, akaunti ya pamoja iwe na marejesho ya miezi sita, na dawa zake za presha za mwezi ujao ziwe zimeshanunuliwa kabla ya mwezi huu kuisha, kwa kuwa kiharusi cha pili kingetuondolea vyote. Alirudi kazini nusu siku mwezi Aprili, siku nzima mwezi Mei.

Unaporudi kulipa ziada, sema wazi unataka nini. Benki inaweza kuichukua milioni 5 yako ikapunguza rejesho badala ya muda. Kwa mfano wetu wa mwanzo, rejesho lingeshuka kwa kama elfu 73 tu na mkopo ungeendelea miaka 15 yote. Kuna wakati hilo ndilo unalolihitaji, kwa mfano kama mgonjwa amerudi kwenye kazi yenye mshahara mdogo kuliko wa zamani. Vinginevyo omba muda upungue. Uliza kama kuna ada ya kulipa kabla ya wakati.

Fomu ile ya kwenye droo niliitupa. Mwezi wa nane tulijaza nyingine, ya milioni moja na laki mbili, mume wangu akasaini kwa sahihi yake mpya ya mkono wa kushoto, nami nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: PUNGUZA MUDA, REJESHO LIBAKI. Wiki iliyofuata nilikwenda kuchukua jedwali jipya. Walikuwa wamepunguza rejesho. Nilikaa pale kwenye benchi hadi walipolirekebisha, nikasoma mstari wa mwisho wa ukurasa, tarehe, nikaupiga picha nikamtumia.