Kusawazisha kamera kwa vipimo vya mbali: tunavyofanya Goma

Kusawazisha kamera ni kujua pikseli za picha zinalingana na pembe gani halisi. Njia ya kawaida ni kupiga picha ubao wa dama uliochapwa kwenye karatasi; unafaa kwa simu na lenzi pana. Kwa lenzi ya milimita 200 inayotazama volkano ya Nyiragongo, haufai. Ili ujaze picha itabidi uusogeze karibu, na fokasi ikibadilika, vipimo utakavyopata ni vya mita chache, si vya kilomita 15. Namba iliyoandikwa kwenye lenzi nayo ni makadirio tu.

Hatua ya 1. Elekeza kamera mlimani, zungusha fokasi mpaka ukingo wa kreta uonekane wazi, kisha zima fokasi ya kujiendesha na kizuia mtikisiko. Funga pete ya fokasi kwa utepe, ya zumu pia.

Hatua ya 2. Panda juu ya paa. Chagua alama zilizo mbali zaidi ya kilomita 1: pembe za majengo, ncha za minara ya simu. (Lenzi ndefu huzua maswali hapa kwetu, mwarifu kwanza shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa.)

Hatua ya 3. Pima kwa teodolaiti (chombo cha kupimia pembe) pembe kati ya alama hizo, halafu weka kamera mahali palepale. Palepale kabisa: kuteleza kwa sentimita 1, alama ikiwa kilomita 1, kunaweza kukuletea kosa la nusu pikseli.

Hatua ya 4. Chukua alama mbili, moja kushoto na moja kulia, zilizo sawa kutoka katikati ya picha. Tuseme pembe kati yao ni digrii 4, na kwenye picha zimeachana pikseli 3,500. Gawa nusu yake, 1,750, kwa tanjenti ya nusu ya pembe, digrii 2, yaani 0.03492: unapata takriban pikseli 50,110. Huo ndio urefu wa fokasi wa lenzi, kwa pikseli. Kwa pikseli za maikromita 4, hesabu ya namba ya lenzi ingekupa 50,000.

Hatua ya 5. Rudia kwa jozi nyingine, za katikati na za pembeni. Majibu yakitofautiana kadiri unavyokwenda pembeni, lenzi inapinda picha. Weka hilo kwenye hesabu.

Fanya kazi alfajiri. Jua likishapasha mawe meusi ya lava, hewa hucheza na alama haitulii.

Sasa pikseli 1 ni kama sentimita 30 kwa kilomita 15, ila umbali wenyewe utautoa kwenye GPS au ramani. Ukipima kimo, ongeza takriban mita 15 kwa mviringo wa dunia; sehemu inayofidiwa na mwanga kupinda hewani tayari imetolewa humo.

Ukiivua lenzi, anza upya hatua ya 1.