Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku: kusafiri wikendi ukiwa mwanafunzi Ujerumani

Anza kupanga na safari ya kurudi. Wengi hufanya kinyume: wanawinda tiketi ya bei poa ya Ijumaa, halafu Jumapili jioni wanakuta zilizobaki ni za bei ya kuumiza, au treni ya mwisho ya kuingia mji wa chuo imeshaondoka. Jumapili alasiri nusu ya nchi inarudi nyumbani. Chagua kwanza treni au basi la kukurudisha, hakikisha kuna jingine nyuma yake siku hiyohiyo, ndipo utafute la kwenda. Kama hakuna jingine nyuma, ondoka mapema zaidi. Kwa wanaosoma miji midogo jambo hili ni zito kuliko nauli.

Hati

Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani na pasipoti hai, unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani eneo la Ulaya lenye viza ya pamoja, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, hivyo Ijumaa hadi Jumapili ni siku 3. Siku 180 zina wikendi 26 hivi: hata ukisafiri zote, ni siku 78. Kwa hiyo hesabu hiyo isikunyime usingizi. Viza ya kitaifa ya aina ya D, ile uliyoingia nayo kabla ya kupata kadi ya ukaazi, nayo inakupa haki hiyo.

Penye mtego ni kadi inapokwisha muda ukiwa umeomba mpya na kupewa karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ndani yake kuna visanduku. Kilichowekwa alama kikiwa cha kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, ibara ndogo ya 4, kibali chako cha zamani kinahesabika kuwa bado kinaendelea, na unaweza kutoka Ujerumani na kurudi ukiibeba pamoja na pasipoti na kadi iliyokwisha. Kikiwa cha ibara ndogo ya 3, usivuke mpaka. Kurudi ndiko kutakakokushinda. Kabla ya kwenda nchi nyingine na karatasi ya namna hii, uliza kwanza ofisi ya wageni ya mji wako, na uulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi.

Uingereza na Ireland haziko ndani ya Schengen. Mkenya au Mtanzania anahitaji viza ya kila moja, hata kama London ni saa moja na nusu tu kwa ndege.

Beba pasipoti yenyewe na kadi yenyewe. Picha kwenye simu haitoshi. Tangu 16 Septemba 2024 Ujerumani ilianza kukagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na basi la usiku kutoka Prague au Paris linaweza kusimamishwa polisi wapande wakague kiti kwa kiti. Weka hati mfukoni mwako, si kwenye begi lililo kwenye buti ya basi.

Nauli

Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa mijini na mikoani nchi nzima, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi. Tangu Januari 2026 ni euro 63. Vyuo vingi vinawapa wanafunzi tiketi hiyo ndani ya ada ya muhula kwa asilimia 60 ya bei, kwa hiyo kagua kama huna tayari kabla ya kununua nyingine. Inakubaliwa kwenye treni za mikoa (RE na RB), S-Bahn (treni za mjini na vitongojini), U-Bahn (treni za chini ya ardhi), tramu na mabasi ya mjini. Haikubaliwi kwenye treni za masafa marefu za ICE, IC wala EC. Ukiinunua mwenyewe, ni mkataba unaojirudia kila mwezi: usipousitisha kabla ya tarehe 10, unakatwa pesa za mwezi unaofuata.

Inakufikisha mbali kuliko watu wanavyodhani. Kutoka München inakwenda hadi Salzburg, ndani ya Austria, chini kidogo ya saa 2. Kutoka Leipzig, panda RE hadi Dresden, kisha S-Bahn ya S1 inayopita kandokando ya mto Elbe hadi Kurort Rathen. Hapo unavuka kwa kivuko kisicho na injini: kimefungwa kwa kamba ndefu, na mkondo wa mto ndio unaokisukuma hadi ng'ambo. Beba sarafu za kivuko. Kisha ni kupanda ngazi hadi daraja la mawe la Bastei, lililojengwa 1851, kwenye miamba inayofika mita 194 juu ya mto. Vaa viatu vyenye soli ya kushika. Mawe yale yakilowa yanateleza.

Ukitaka ICE, nunua mapema Sparpreis, yaani tiketi ya bei ya punguzo. Tiketi hii imefungwa kwa treni uliyoichagua. Ikitazamiwa kwamba utafika mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho kinafunguka na unaweza kupanda treni nyingine. Hapa ndipo wengi wanapoumia: wanatumia Deutschlandticket kufika stesheni kubwa, kisha Sparpreis kuanzia hapo. Treni ya mkoa ikichelewa na ICE ikaondoka, tiketi inapotea, kwa sababu hiyo ni mikataba miwili na shirika la reli halidaiwi kitu. Nunua Sparpreis kuanzia stesheni ya nyumbani kwako. Mara nyingi bei inapanda kidogo tu. Ukishindwa, tangulia kwa treni moja kabla.

Ukichelewa dakika 60 unadai asilimia 25 ya nauli, dakika 120 asilimia 50, ndani ya miezi 3. Piga picha ya skrini inayoonyesha ucheleweshaji wakati huohuo.

Ndege za bei nafuu

Soma jina la uwanja kabla ya kulipa. Hahn iko kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt, Memmingen ni takriban 110 kutoka München, na Beauvais ya "Paris" ni 80 na ushee. Jumlisha nauli ya basi la kwenda na kurudi, mara nyingi tiketi ya euro 20 inageuka 60.

Begi la bure la Ryanair na Wizz Air ni sentimita 40 × 30 × 20, la easyJet 45 × 36 × 20. Lipime likiwa limejaa, pamoja na magurudumu na mfuko wa mbele. Ryanair pia hutaka hati za abiria asiye raia wa Umoja wa Ulaya zikaguliwe kaunta kabla ya kupita ukaguzi wa usalama. Usipopita hapo, utazuiwa getini usipande ndege. Fika saa 2 kabla.

Saa

Tiketi zinatumia saa 24. 19:05 ni saa moja na dakika tano jioni, hilo linazoeleka. Linalopoteza watu ni 00:15 ya Jumamosi: huo ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa sita na robo. Ukienda stesheni Jumamosi usiku, basi lako liliondoka jana. Andika kwenye kalenda ya simu siku unayotoka chumbani.

Jumapili ya mwisho ya Machi, saa zinasogezwa mbele kutoka 02:00 hadi 03:00. Ukiwa na ndege alfajiri hiyo, una saa moja pungufu ya kulala.

Pesa, ugonjwa, tumbo

Kagua kadi ya benki kama ina nembo ya Visa au Mastercard. Kadi yenye nembo ya girocard (mfumo wa kadi wa Ujerumani) peke yake inaweza kukataliwa ng'ambo ya mpaka. Czech wanatumia koruna, Poland zloty: mashine ikikuuliza kama ikukate kwa euro au kwa sarafu ya hapo, chagua sarafu ya hapo. Ukichagua euro, mwenye mashine ndiye anayekupangia bei ya kubadilisha, na haipangi kwa faida yako.

Kadi ya bima ya afya ya umma ya Ujerumani ina kadi ya bima ya Ulaya mgongoni mwake. Kwa asiye raia wa Umoja wa Ulaya haifanyi kazi Denmark, Uswisi, Norway, Iceland wala Liechtenstein. Ukienda huko, nunua bima ya safari.

Ukiwa chini ya miaka 26 na unaishi Umoja wa Ulaya, unaingia jumba la makumbusho la Louvre, Paris, bure hata kama pasipoti yako ni ya Nairobi au Dodoma. Onyesha kadi ya ukaazi mlangoni.

Na nunua chakula Jumamosi. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani yamefungwa, isipokuwa machache kama yaliyo ndani ya stesheni kubwa, na foleni yake ni ya wote waliosahau.