Kumkaribisha Mtoto wa Mbwa Katika Nyumba Yenye Paka
Katika nyumba za ghorofa za Nairobi, hasa zile finyu za Umoja au Pipeline, paka hana pa kukimbilia, kwa hiyo kabla mtoto wa mbwa hajaingia, mwandalie paka mahali pa juu, tuseme juu ya kabati, anapoweza kupanda yeye peke yake. Siku za kwanza watenganishe kwa mlango, huku ukibadilisha matambara wanayolalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Wanapokutana, mbwa awe na kamba na awe amekwisha kuchoshwa na michezo. Paka akilaza masikio nyuma na kupigapiga mkia, ahirisha. Usimbebe paka kumpeleka kwa mbwa, kwani kucha zitaishia mkononi mwako. Kasha la mchanga anamojisaidia paka lisifikiwe na mbwa, maana wengi wao, aibu iliyoje, hula kilichomo.